Mke Yuko Mafungoni, Mume Yuko Wapi?

Kuna neno limezagaa katika baraza zetu ambalo tumeona si vyema likaachwa kupita hivi hivi kama upepo wa umande. Bwana mmoja wa huku upande wa Kisauni, Mwislamu mwana wa Waislamu, ameoa mke Mkristo. Mke huyo alitoka siku ya Ijumaa asubuhi, akapanda basi la Voi pamoja na akina mama wenziwe wa kanisa la Anglikana, wakaenda zao Taita kufanya mafungo. Mafungo, kwa asiyejua, ni siku ambazo Mkristo hujitenga na shughuli za dunia kwa ajili ya sala, kusoma Biblia na kunyamaza. Walikaa huko mpaka Jumapili. Mume akabaki nyumbani na watoto wawili, wa kiume miaka tisa na wa kike miaka sita.

Basi, hilo ndilo lililotendeka. Lakini ukisikiliza yanayosemwa barazani utadhani bwana huyu ameuza msikiti. Mmoja asema mkewe amempanda kichwani. Mwengine asema, na huyu ni mtu mwenye mvi kama zetu, ya kwamba dini ya yule bwana imo hatarini, kwani mume anayekaa jikoni akichochea moto hali mkewe yuko kwa mapadri, huyo kesho atakwenda naye. (Tukamkumbusha kuwa Waanglikana mara nyingi huwaita viongozi wao wachungaji au makasisi, naye akasema yote ni mamoja.) Wa tatu alitaka kujua jambo moja tu, alikula nini huyo bwana siku tatu hizo? Na kwa kweli swali la huyu wa tatu ndilo lililotupendeza, kwa sababu lina faida, nasi tutalijibu.

Kwanza tuyaondoe yale ya sheria, maana hapo ndipo wengi wanapokimbilia. Aya ya tano ya Suratul Maida imewahalalishia Waislamu wanaume kuoa wanawake wenye staha katika Watu wa Kitabu. Halali hii haikuzuliwa Kisauni. Ni kweli kwamba Sayyidna Umar hakuipenda sana, na imepokewa kuwa alimwandikia Hudhaifa, aliyekuwa ameoa mwanamke wa Kiyahudi, kumtaka amwache. Hudhaifa akauliza, je, ni haramu? Umar akajibu kuwa si haramu, bali ana khofu. Basi mwenye khofu na atwambie khofu yake kabla ya ndoa, wakati wa posa, pale maneno yanapofaa. Baada ya miaka kumi na watoto wawili, khofu hiyo imechelewa.

Ama kuhusu kutoka kwa mke, mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii wametaja kuwa mume ana haki ya kumzuia mkewe Mkristo asiende kanisani. Hili twalisema wazi tusije tukaambiwa tumelificha. Lakini na anayelitaja barazani alitaje lote, kwani mafakihi hao hao wamemlinganisha na mke Mwislamu, ambaye mumewe aweza pia kumzuia asitoke kwenda msikitini. Na juu ya hayo tunayo hadithi mashuhuri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyokataza wanawake wa Mwenyezi Mungu wasizuiliwe misikiti yake. Kuwa na haki ni jambo moja, na kulazimika kuitumia ni jambo jengine. Mimi si mufti, nami sitoi fatwa katika ukurasa huu, lakini kitabu tulichosomeshwa chuoni hakikusema kuwa mume asiyeitumia haki hiyo amepungukiwa na uanaume. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, imempa kila mtu uhuru wa kuabudu, na katika kifungu cha 45 imewapa mume na mke haki sawa katika ndoa. Bwana huyu alimwoa mkewe akijua anasali wapi, na mke naye alijua.

Tena, enyi ndugu zangu, kujitenga kwa ajili ya ibada ni jambo geni kwetu? Mtume mwenyewe alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya wahyi, na Bibi Khadija akiwa nyumbani. Tuna itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Na katika misikiti yetu hapa Pwani, kina nani hawa tunaowaona na matandiko yao na masufuria yao, waliotoka katika jamaa za tablighi? Utaratibu wao ni siku tatu kila mwezi, siku arubaini kila mwaka, na miezi minne kwa anayejaaliwa. Hatujasikia baraza likikaa kuuliza wake zao walikula nini. Mke akibaki yeye siku arubaini, huambiwa ana subira. Mume akibaki yeye siku tatu, huambiwa amerogwa.

Na tukirudi nyuma zaidi, hakuna watu waliozoea kungojeana kama sisi. Babu zetu walisafiri kwa majahazi, wakenda na msimu na kurudi na msimu. Aliyeondoka na kusi kwenda Arabuni au Bara Hindi alikuwa hana budi kungoja kaskazi ndiyo imrudishe, na kaskazi haifiki mpaka mwisho wa mwaka uanze kunukia. Mke alikaa miezi, pengine asijue kama chombo kimefika au kimezama, akilea, akisuka ukili, akishona, akiuza vitumbua dirishani. Leo mambo yamegeuka, na ni sisi wenyewe tuliotazama yakigeuka. Ni nyumba ngapi za Waislamu katika mitaa yetu, kutoka Likoni hadi Malindi, ambazo mama yuko Saudia au nchi nyengine ya Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili, akifua nguo za watu na kulea watoto wa watu, na baba ndiye aliyebaki na watoto wake mwenyewe? Wanaume hao tunapokutana nao twawapa pole na twawasaidia. Sasa ni nini kilichotuudhi kwa huyu wa siku tatu? Ikiwa ni ule msalaba ulio mwisho wa safari, na tuseme ni msalaba, tusijifiche nyuma ya sufuria.

Haya, tuje kwenye hiyo sufuria. Bwana huyu ni fundi wa umeme, ni jirani yetu, na ametupa ruhusa kuyaeleza haya kwa sharti la kutomtaja jina. Ijumaa, baada ya kutoka msikitini pamoja na yule mwanawe wa kiume (binti aliachwa kwa shangazi yake saa hiyo), aliingia jikoni kupika wali wa nazi. Kukuna nazi alijua, kwa kuwa hakuna mtoto wa Pwani asiyewahi kukalishwa juu ya mbuzi. Kulichuja tui alijua pia. Lakini hakujua kuwa tui jepesi ndilo hutangulia na mchele, na tui zito likaja mwisho, wala hakujua kiasi. Alitia lote pamoja, akaongeza maji kwa khofu ya kuunguza, akapalia makaa juu ya kifuniko kama alivyoona kwa mamake. Chini ukashika ukoko mweusi, juu ukawa kama bokoboko. Watoto walikula wakicheka. Kwa hiyo yule bwana aliyeuliza barazani jibu lake ni hilo. Usiku walikula mkate wa kununua na maharagwe ya kununua, na Jumamosi mchana dada yake akaleta samaki wa kupaka, akasimama mlangoni akimtazama kakake kama mtu anayetazama mgonjwa.

Alituambia kuwa kazi haikumchosha. Kilichomchosha ni saa zilizo baina ya adhuhuri na alasiri. Mwanamume wa kwetu hana mazoea na saa hizo ndani ya nyumba yake. Akiwa hana kazi, yuko barazani, kwenye bao, kwenye karata, au mkahawani akinywa kahawa chungu na kuyatengeneza mambo ya serikali. Nyumbani huja kula, kulala na kubadili nguo. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, walisema wahenga, lakini twaona kulala peke yake hakutoshi, maana bwana huyu amelala katika nyumba ile miaka yote, na hakujua kuwa bomba la jikoni huvuja mpaka aliposikia lidondokavyo saa nane mchana. Akalitengeneza. Akakaza bawaba za dirisha. Akakaza na kamba za kitanda cha watoto. Kisha akakaa, na bado ilikuwa saa tisa kasorobo.

Kumpigia mkewe hakuweza. Huko mafungoni simu hukusanywa siku ya kwanza zikafungiwa, ili watu wapate kunyamaza. Mtu aliyezoea kupiga simu kuuliza chumvi iko wapi, siku hiyo hana wa kumuuliza, itambidi aitafute. Na katika kutafuta ndipo alipokuta jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lililostahili kuzungumzwa barazani siku tatu.

Jumamosi asubuhi watoto huenda chuoni. Mwalimu wao ni mkali wa saa. Yule bwana aliamka alfajiri, akasali, akawaamsha, kisha akaanza kutafuta kanzu, kofia, buibui dogo la binti na juzuu zao. Hakujua zilipo, kwa sababu kila Jumamosi yeye hukuta watoto wamekwisha vaa. Binti wa miaka sita ndiye aliyemwonyesha. Kanzu ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, imetundikwa nyuma ya mlango. Juzuu zilikuwa zimefungwa katika kitambaa safi cheupe, zimewekwa juu kabisa ya kabati, mahali ambapo pasiwekwe kitu kingine juu yake. Akamuuliza mtoto, nani huviweka hivi? Mtoto akamshangaa. Mama, akasema. Akaongeza kuwa mama hatwachi tukavishika mpaka tumetia udhu, na huketi nje ya mlango akitusikiliza tukirudia, na tukikosa hujua, japo hajui tulipokosa wapi.

Nani kati yetu aliyemfundisha mwanamke huyu kuwa Kitabu hakiwekwi chini ya vitu? Mumewe asema hakumfundisha, labda aliona kwa mama mkwe. Huyu ndiye tunayekhofia atawavuta watoto. Twajua nyumba ambazo baba ni Mwislamu na mama ni Mwislamu, na juzuu ya mtoto iko chini ya kochi pamoja na viatu.

Hatusemi haya ili kumfanya mke huyo kuwa walii, wala kuwahimiza vijana wakaoe kila mahali. Ndoa ya namna hii ina mashaka yake, na mwenye kukataa hayo ni mwongo. Mwaka 2025 Kwaresima ya Wakristo ilianza tarehe 5 Machi, na sisi tulikuwa tumeanza kufunga Ramadhani siku chache tu nyuma. Katika nyumba ile kulikuwa na saumu mbili chini ya paa moja, kila mmoja na sheria zake, na mke alikuwa akipika futari ya mume naye ana yake aliyojinyima. Hayo yataka watu wazima. Na Mombasa si mji wa jana katika mambo haya. Krapf alikwenda Rabai mwaka 1846, mji wa watumwa walioachwa huru wa Freretown ulianzishwa mwaka 1875, na mpaka leo mtu akitoka kusali Kisauni hupita Kengeleni, jina lililotokana na kengele ya Wakristo wale, wala saumu yake haibatiliki. Tumekuwa majirani muda wote huo. Iliyobaki kuzoeleka ni kuwa jirani huyo sasa amo ndani ya nyumba, na ana siku zake za kwenda kusali.

Lipo jambo moja ambalo bwana huyu na sisi hatukuafikiana. Usiku wa Jumamosi yule mtoto wa kiume alishikwa na homa kali. Baba akamkanda kwa kitambaa cha maji, akatafuta dawa ya homa akaipata, lakini hakujua kiasi cha kumpa. Akagonga mlango wa jirani, mama mmoja mtu mzima, naye akaja na khanga yake begani akakesha nao. Jumapili asubuhi wakaenda zahanati, mtoto akapimwa malaria hana, ikaonekana ni mafindofindo, akapewa dawa. Namba ya mchungaji ilikuwapo, imeandikwa kwenye karatasi ya mafungo. Baba hakupiga. Alisema, nilimpa siku tatu, sikutaka kumpa mbili na nusu.

Maneno mazuri, lakini mkewe aliporudi jioni na kusikia, alikasirika, na sisi twampa haki yeye. Hata itikafu haikumfunga mtu hivyo. Anayekaa itikafu hutoka kwa dharura. Na imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Mtume alipokuwa katika itikafu alikuwa akimwinamishia Bibi Aisha kichwa, naye yuko chumbani mwake, amchane nywele. Na Bibi Safiya alimjia usiku msikitini wakazungumza, kisha akainuka akamsindikiza arudi. Basi ikiwa mbora wa viumbe hakuufunga mlango baina ya ibada yake na jamaa zake, mwana wa watu aliye Taita angalipigiwa simu aambiwe mwanawe ana homa, akaamua mwenyewe kurudi au kubaki. Kumficha mama ugonjwa wa mwanawe ili asali kwa utulivu si heshima anayoitaka mama yeyote, Mwislamu au Mkristo. Tulimwambia hivyo jirani yetu, akanyamaza. Mkewe alikwisha mwambia kwa maneno makali zaidi.

Sasa tuzungumze kidogo juu ya yale yasiyozungumzwa, maana watu wa baraza wanaojidai kumhurumia bwana huyu hawakumuuliza hata moja katika haya. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wameikubali mahakama hiyo. Mke Mkristo hamo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo imesema sehemu yake inayohusu ndoa za Kiislamu ni ya wanaoshika dini ya Kiislamu. Kwa hivyo walioozwa kwa khutba sebuleni, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, wasidhani kuwa ubani na kahawa vimemaliza mambo yote. Waulize ndoa yao imeandikwa wapi, na kama inafaa waiandikishe kwa msajili wa serikali.

Na kubwa kuliko hilo ni mirathi. Sheria ya Urithi ya Kenya ilirekebishwa mwaka 1990 ili mali ya Mwislamu aliyefariki igawanywe kwa sharia ya Kiislamu. Na katika sharia hiyo, kwa kauli ya mafakihi wetu, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyefua zile kanzu na kuzikunja zile juzuu, mumewe akifa kesho, hana thumni wala robo. Ndugu za mume waweza kuja wakiwa na haki yao mkononi, naye akatoka na sanduku lake la nguo. Lakini sharia hiyo hiyo haikumwacha mume bila njia. Asiyerithi aweza kuusiwa, mradi wasia usizidi thuluthi ya mali, na mtu akiwa hai na mzima aweza kumpa mkewe hiba ya nyumba au kiwanja, ikakabidhiwa na kuandikwa. Tumewauliza wanaume watatu tunaowajua wenye wake Wakristo kama wameandika wasia. Hakuna aliyeandika. Mmoja alisema ni kujitakia ajali.

Jirani yetu wa Kisauni ndiye wa tatu katika hao. Anasema siku zile tatu, katika saa zile za baina ya adhuhuri na alasiri, alikaa akaitazama nyumba na kuhesabu kipi alinunua yeye na kipi alinunua mkewe kwa mshahara wake wa ukarani, akaona hawezi kutenganisha. Amesema atakwenda kwa wakili baada ya mwisho wa mwezi, akishalipwa. Mkewe amesema watakwenda pamoja.